Stika ya Ng'ombe Chini ya Kishikio

Mama mkwe wangu aliambiwa anatia maji kwenye maziwa. Aliambiwa mbele ya watu, ng'ambo kule Bukavu, na mwanamke aliyekuwa mteja wake wa miaka mingi, akarudi nyumbani Nyakarenzo, upande wetu wa Rwanda, mdomo umefungwa. Mimi nilikuwa barazani nashona sare za shule. Nikamsalimu, hakuitika. Akapita na matope yake miguuni mpaka chumbani akaketi kitandani, yeye ambaye ukiingia sebuleni na tope kidogo tu anakufuata na ufagio. Hapo nikajua kuna jambo.

Nilimbembeleza mpaka jua likashuka ndipo akalitoa. "Banasema nauzisha mayi," akasema. "Banasema mimi ni muntu wa kuuzisha mayi."

Kwa mtu wa mjini hilo ni neno dogo. Kwetu huku vilimani si dogo hata kidogo. Mwambie mwanamke ni mvivu, atakujibu. Mwambie hajui kupika, atakucheka, ana watoto wanono wa kukuonyesha. Lakini ukimwambia anatia maji kwenye maziwa umemwambia kwamba ng'ombe wake hana kitu, na kwamba mkono wake ni wa uongo, na neno hilo litavuka daraja la mpakani kabla yake na kumngoja kanisani. Mama mkwe aliijua hesabu hiyo kuliko mimi. Mnunuzi alikuwa amemwambia: ikitokea tena, usirudi. Naye alishaamua peke yake, pale kitandani, kwamba ikitokea tena atamuuza ng'ombe na hataonekana njiani na bidoni, lile dumu lake la maziwa, mpaka afe.

Nilikasirika. Mimi hasira yangu iko karibu, haihitaji kuitwa mara mbili. Nilizaliwa na kukulia Bukavu, tukarudi Rwanda nikiwa msichana, na mitaa ya kule ilinifundisha kwamba anayenyamaza anaachiwa taka zote za mtaa mlangoni pake. Nikataka kufunga kitenge na kwenda kumwambia huyo mwanamke maneno ya kumtosha. Mama mkwe akanishika mkono. "Ukimutukana atasema: ona, banakasirika juu banajua ni kweli." Alisema kweli. Nikaketi.

Kesho yake nikavuka naye daraja la Rusizi ya Pili kwenda kuona mambo yanavyokwenda huko. Yule mnunuzi, ambaye wote humwita Maman wa Depo, ana chumba cha kuuzia mashanza, yaani maziwa yaliyoganda, na nyuma ya chumba kuna hodhi la saruji lililojaa maji baridi. Wanawake wa upande wetu wanafika asubuhi na bidoni zao za njano, wanazitumbukiza humo zisipate joto, wanaondoka zao. Mwenyewe anazifungua baadaye, moja moja, kadiri wateja wanavyokuja. Bidoni zote ni za njano, zote zimechakaa sawasawa, zilianza kazi zikiwa za mafuta ya kupikia. Alama ya kila moja ni kitambaa tu kinachofungwa kwenye kishikio. Cha mama mkwe kilikuwa cha buluu.

Nikasimama juu ya hodhi nikaangalia. Vitambaa viwili vilikuwa vinaelea peke yao, vimefunguka. Msichana wa kazi akaja, akaviokota, akavifunga kwenye bidoni zilizokuwa karibu na mkono wake, akaenda zake anaimba. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Miaka yote hiyo heshima ya wanawake wazima ilikuwa inaning'inia kwenye fundo la tambara.

Njiani nikamwambia mama mkwe tuandike bidoni yake kwa rangi. Akasimama katikati ya barabara. Rangi? Maziwa yanavuta harufu, hujui? Ukiyaweka karibu na kitunguu yanakuwa kitunguu. Nikasema basi tuchore kwa msumari wa moto. Akasema kovu kwenye chombo cha maziwa ni nyumba ya uchafu, na mwanamke mwenye chombo cha makovu afadhali auze muhogo. Kalamu ile nene ya wino? Hiyo tulishaijaribu zamani, jivu la kuoshea liliitoa siku ya kwanza. Kwa hiyo ilibaki stika, kitu cha kubandika nje, kisicho na harufu, kisichokwaruza, kinachoweza kulala majini kutwa nzima na kuamka kikiwa kile kile. Nikasema nitaitengeneza. Nilikuwa sijawahi kutengeneza hata moja, lakini mdomo wangu ukishaahidi, mikono inabidi ifuate.

Suala la kwanza lilikuwa picha. Nilifikiri nitachora ng'ombe, kazi imekwisha. Mama mkwe akaitazama karatasi yangu muda mrefu.

"Hii ni ng'ombe ya nani?"

"Ni ng'ombe tu, Maman."

"Hakuna ng'ombe tu," akasema. Akanivuta mpaka zizini, akaniwekea kigoda mbele ya ng'ombe wake mwekundu, yule ambaye pembe yake ya kushoto imepinda ikashuka karibu na jicho. "Chora huyu."

Basi nikawa mchoraji wa ng'ombe, mimi fundi cherehani. Kila nilipoinua kalamu mnyama aligeuza kichwa. Mchoro wa kwanza mama mkwe alisema ni mbwa aliyeshiba. Wa pili akauliza kama ni mbuzi wa Bukavu, wale wanaokula karatasi sokoni. Nikamwambia kama anaona rahisi achukue kalamu yeye, akacheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu siku ile ya matope. Nikaendelea kuharibu karatasi kwa makusudi kidogo. Mwishowe akapatikana: kichwa tu, kipana, na pembe ile moja imeshuka. Hakuna mwanamke mwingine kwenye barabara ile mwenye ng'ombe wa namna hiyo.

Stika ya kwanza ilikuwa ya karatasi, gundi, na utepe mpana wa plastiki wa kufungia maboksi, ule tunaouita skochi. Nikaikata vizuri kwa mkasi wangu wa kushonea, ukingo umenyooka, nikaibandika kwenye bidoni kuukuu na kuitumbukiza kwenye beseni. Nilipokwenda kuitazama, maji yalikuwa yameingia pembeni, yamepanda kati ya karatasi na plastiki, na ng'ombe amevimba amekuwa uji. Nikatengeneza nyingine, nikaongeza skochi, tabaka juu ya tabaka. Uji vilevile. Jirani yetu akapita akaniambia subira huvuta heri. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia ni la mama mkwe wangu, si lako. Akaenda zake.

Nilikuja kuelewa nikiwa kwenye cherehani. Nilikuwa napinda ukingo wa sketi, na mkono wangu ukasimama wenyewe. Kitambaa kikikatwa kikaachwa bila pindo kinafumuka, kila fundi anajua, hata kiwe kitambaa cha bei gani. Na mimi nilikuwa nimekata karatasi na plastiki pamoja, sawasawa, nikaacha ukingo wa karatasi uchi mbele ya maji. Stika yangu haikuwa na pindo. Nikaiacha sketi ya watu hapo hapo.

Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka mjini Kamembe, kwa yule kijana anayepamba pikipiki karibu na gare, kituo cha mabasi, anayebandika miali ya moto na simba kwenye matangi ya mafuta. Nikamwomba mabaki ya ile plastiki nyeupe yenye gundi mgongoni. Akaniuliza nina pikipiki gani. Nikamwambia yangu ina miguu minne na inakula majani. Akacheka akanipa vipande vya kujaza mfuko, akaniongezea na ushauri wa bure: nikishabandika nisiilowanishe siku hiyo, gundi inataka kulala kwanza. Dukani nikanunua kalamu ya wino usiofutika na ile plastiki angavu ya kujalidia madaftari ya watoto.

Safari hii nilimchora ng'ombe kwenye plastiki, si kwenye karatasi. Nikaacha wino ukauke kabisa, na kwa mtu wa hasira kama mimi hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Kisha nikakata ile plastiki angavu kubwa kuliko picha, ikazidi pande zote upana wa kidole, nikaibandika juu, na ule uliozidi ukashuka ukashika mwili wa bidoni wenyewe. Hilo ndilo pindo. Nikaitumbukiza kwenye beseni baada ya gundi kulala. Nikaitoa, nikaitazama juani, nikaisugua kwa kidole gumba. Ng'ombe alikuwa ananiangalia, mkavu ndani ya nyumba yake. Nikampigia kelele mama mkwe aje aone.

Akaja. Akaichukua bidoni, akaridhika nayo, na kwa sababu sasa ilikuwa bidoni ya maana, akaenda kuiosha.

Sikuwaza hilo. Yeye haoshi chombo cha maziwa, anakipiga vita. Jivu, mchanga laini, gunzi la mahindi, na mkono uliosugua vyombo tangu utotoni. Alipomaliza, bidoni ilikuwa inang'aa na kona za stika zimesimama kama masikio. Maji hayakuiweza, ila usafi wa mama mkwe uliiweza. Nikamwomba asisugue hapo. Akaniangalia kama nimemwambia asisali. Kuna vitu huwezi kumwomba mwanamke wa Nyakarenzo, na kuacha sehemu ya bidoni ya maziwa bila kusuguliwa ni kimojawapo.

Basi stika ndiyo iliyopaswa kubadilika. Kona nikaziondoa, nikakata duara, kwa maana gunzi linatafuta kona ya kushika na duara halina. Nikagundua pia kwamba mwili wa bidoni una mafuta usiyoyaona, ya maziwa na ya yale mafuta ya kupikia ya zamani, na gundi haishiki juu ya mafuta. Nikaiosha kwa sabuni na maji ya moto, nikaipangusa kwa spiriti ya famasi. Mama mkwe akauliza kama bidoni yake inaumwa. Nikamwambia inachanjwa. Akasugua tena kwa nguvu zake zote, na nadhani aliongeza na za kunijaribu. Stika ikabaki.

Tukavuka nayo, furaha imetujaa. Tukaitumbukiza bidoni kwenye hodhi, na mimi nikarudi nyuma nimtazame ng'ombe wetu. Sikumwona. Nilikuwa nimembandika tumboni mwa bidoni, pale chupa zote za madukani zinapobandikwa, na tumbo lote lilikuwa chini ya maji. Bidoni kwenye hodhi zinaonyesha mabega tu. Kazi yote ile, na ng'ombe amezama! Nilitukana kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda na kwa Kifaransa kidogo, polepole, mama mkwe asisikie. Alisikia.

"Weka hapa," akasema, akaingiza vidole kwenye lile bonde lililo chini ya kishikio, ambapo bidoni inajikunja. Ilikuwa ndiyo sehemu pekee inayobaki juu ya maji, na gunzi lenyewe halifiki vizuri humo. Lakini mahali pale pamepinda, na plastiki ya kijana wa pikipiki haikupenda kupinda, iliinuka kila nilipoibonyeza. Nyumbani nikaikata ndogo, nikapasha tambara kwa pasi yangu ya makaa, nikaibandika stika na kuikandamiza kwa lile tambara la moto mpaka ikalainika ikalala bondeni. Nikaishikilia hivyo mpaka ikapoa. Iliposhika, ilishika. Nilijaribu kuingiza ukucha pembeni nikashindwa, na kucha zangu si za mchezo.

Ikawa inakwenda na kurudi. Hodhi, jivu, jua la njiani, mvua ya milimani ambayo haiulizi mtu. Kitambaa cha buluu tuliendelea kukifunga kama kawaida, maana mama mkwe hakutaka maneno. Wala hakumwambia mtu habari za stika. Kila asubuhi aliondoka kitenge kimepandishwa mpaka mdomoni, anapita pembeni mwa barabara, na kila alasiri nilimtazama usoni kwanza kabla ya kumsalimu.

Siku ilipofika nilikuwepo, kwa bahati nzuri, nilikuwa nimevuka kununua nyuzi nikapitia depo. Wanawake walikuwa bado wamejaa uani, mizigo ndiyo kwanza inashuka, na Maman wa Depo alikuwa ameanza tabia mpya ya kufungua bidoni hapo hapo. Akafungua moja iliyokuwa imeshaingia hodhini, akachota kwa upawa, akainua. Yaliyomwagika kutoka kwenye upawa hayakuwa mashanza. Yalikuwa kama maji yaliyooshewa chombo cha maziwa. Kwenye kishikio kilikuwepo kitambaa cha buluu.

"Bibi," akasema, upawa bado mkononi. "Nilikuambia nini?"

Nikafungua mdomo. Mama mkwe akanikanyaga mguu. Akashusha kitenge chake kutoka mdomoni, akatembea mpaka kwenye hodhi, akainama, akatazama chini ya kishikio cha bidoni ile. Akainuka.

"Hii si yangu."

"Kitambaa ni yako."

"Kitambaa iko na miguu," mama mkwe akasema. "Bidoni yangu iko na ng'ombe. Inama utafute."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maman wa Depo ni mwanamke mnene na mwenye heshima zake, hakuzoea kuambiwa ainame uani kwake, lakini macho yote yalikuwa juu yake. Akakunja mikono ya blauzi, akainama. Akasogeza bidoni, akachungulia chini ya vishikio kimoja baada ya kingine, maji yanamrukia kifuani, mpaka kule mwisho ukutani akasimama. Akamwona. Akampangusa maji kwa kidole gumba, akamsugua. Akamkwangua kwa ukucha, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu. Ng'ombe mwenye pembe iliyopinda hakutikisika.

"Ni ng'ombe yangu," mama mkwe akasema. "Muulize muntu yeyote wa Nyakarenzo kama kuna ingine iko na pembe ya vile. Sasa fungua. Fungua hapa, bote baone."

Akafungua. Akazamisha upawa, akauinua juu, na mashanza yakashuka mazito, yanakatika kwa mapande, meupe. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Maman wa Depo akajimiminia kikombe, akanywa mpaka mwisho pale pale amesimama, na alipokishusha mdomo wake wa juu ulikuwa mweupe wote. Hakuupangusa. Akawageukia wanawake akasema kwa sauti ya kufika barabarani: "Nilikosea huyu mama. Nilimukosea mbele yenu, na mbele yenu naomba anisamehe."

Mimi nililia, sioni haya kusema. Nililia na kucheka, nyuzi zangu zikaanguka kwenye tope. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa tu kupokea ombi hilo, kama mtu anayepokea chenji yake, lakini daraja lile tulilivuka katikati. Kitenge kilikuwa mabegani. Alimsalimu kila mtu: wapagazi, askari, wauza ndizi, hata watu asiowajua walisalimiwa na kuulizwa habari za nyumbani. Nilimwambia apunguze, watadhani anagombea ubunge. Akasema waache wadhani.

Kesho yake, kabla sijafunua cherehani, wanawake walikuwa uani kwetu na bidoni zao, zimeoshwa, zinang'aa. Kila mmoja alitaka ng'ombe wake, na hakuna aliyekubali ng'ombe tu. Wa huyu alikuwa na doa jeupe kwenye paji, wa yule hakuwa na pembe kabisa, wa mwingine alikuwa na sikio lililoliwa na mbwa na mwenyewe alitaka lionekane. Nikakaa na kalamu na spiriti na pasi yangu, nikachora, mama mkwe amesimama nyuma yangu anasahihisha.

Wa mwisho kwenye mstari alikuwa mwanamke ambaye jana yake uani kwa Maman wa Depo aliangalia miguu yake muda wote. Hata sasa hakuinua macho. Sikuhitaji alama kujua kwamba bidoni ile ya maji, iliyofunguliwa jana, ilikuwa yake. Hasira yangu ikapanda. Nikaiweka kalamu chini, nikageuka kumtazama mama mkwe, nikingoja aseme neno moja tu nimfukuze huyu mtu mpaka barabarani.

Mama mkwe aliisukuma ile bidoni mbele yangu kwa mguu.

"Muchoree na yeye," akasema kwa sauti ya kawaida. "Muntu akiwa na ng'ombe yake inamuangalia pale mkono unashika, mayi atatia namna gani?"

Yule mwanamke akakaa kwenye kigoda. Kisha akaanza kunielezea ng'ombe wake, taratibu, kuanzia usoni.